Marhun bin Nasr, Fundi wa Redio za Magari, na Mkono Aliouachia Kazi

Ndugu na jamaa mliokuja kutupa pole, leo ni siku ya tatu ya azaa, matanga ya huku kwetu. Niruhusuni mimi Ghalia, dada yake mkubwa, nimuelezee mdogo wangu. Sisi wanawake makaburini hatukwenda, basi haya ndiyo maziko yangu kwake. Nakala tumezipeleka upande wa wanaume ili nao wasome.

Marehemu Marhun bin Nasr alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Mei 1971, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako baba yetu alikuwa na duka la vitambaa. Mwaka 1979 tukahamia Ibra, huku Uarabuni. Baba akituambia tumerudi kwetu, na sisi watoto kwetu huko tulikuwa hatujapata kukuona hata siku moja.

Aliingia shule ya msingi hapa Ibra hajui Kiarabu ila cha kusomea Qur'ani. Watoto wakimwita Zinjibari, na Zanzibar yenyewe hajaikanyaga. Akirudi nyumbani analia, kisha huchukua kisu cha jikoni akafungua redio ya baba. Kwa redio hiyo alipigwa mara moja tu, maana aliporudia redio ilisema vizuri kuliko ilivyokuwa dukani. Baadaye alikwenda chuo cha ufundi, Sur, akamaliza umeme wa magari mwaka 1991.

Alifanya kazi karakana moja ya Nizwa hadi 1999, akarudi Ibra kufungua duka lake mwenyewe kule Sanaiya, mtaa wa karakana. Gari nyingi za wakati ule zilikuja na redio ya kaseti au CD, basi. Marhun hakuing'oa redio ya mtu. Nyuma yake alichomeka kisanduku kidogo, akatoa waya wa kuunganisha kicheza muziki, na siku za karibuni simu. Aliyetaka redio ya satalaiti aliwekewa na antena yake juu ya paa, mahali inapoona mbingu. Madereva wa kambi za watalii za Bidiya, jangwani, walimpenda kwa hilo, kwani ukishaingia mchangani redio ya kawaida hufa. Waya wa kiwandani hakuukata hata mmoja, na dashibodi hakuifunga mpaka mwenye gari akae kitini asikilize mwenyewe. Wapo waliokasirika kwa kungojeshwa. Alikuwa mkaidi mdogo wangu, na sitampamba leo kwa kuwa amekufa.

Mke alimpata kwa kosa la kazi. Mwaka 2003 mjomba wetu alimtaka amuwekee kicheza muziki ambacho kitaanza chenyewe ufunguo ukizungushwa, kwani mzee vitufe vilimshinda. Akaenda nacho azaani, Al Qabil. Njia nzima yeye na mkewe walisikiliza taarabu, na walipofika mzee alizima gari tu, taarabu hakuigusa. Walipotoka, akawasha gari mlangoni pa wafiwa, na taarabu ikalia mtaa mzima. Aibu iliyoje! Kesho yake Marhun akatumwa kwenda kuomba radhi. Mwenye nyumba, Bi Tufool, mzaliwa wa Unguja, akamwambia, "Watu wamenuna, mwanangu, lakini mimi wallahi nimelia kwa raha. Toka nitoke Unguja sijausikia wimbo ule. Haya, na gari yangu nitilie." Akamtilia, kisha akawa anarudi kukagua waya usio na ubovu wowote, kwa sababu aliyekuwa akikaa kitini kusikiliza ni Huwaida, binti wa nyumba. Walioana Alkhamisi, tarehe 18 Disemba 2003. Mungu akawaruzuku Manar na Yazeed.

Manar alisomea umeme chuoni hapa Ibra. Alipomaliza aliomba kufanya kazi dukani kwa baba yake. Marhun akakataa katakata. "Sanaiya wanaume watupu, mwanangu. Khalas, usinirudishie neno hili." Kazi nyingine mtoto hakuitafuta. Wote wawili wakaidi, na Huwaida katikati yao hana raha.

Mwaka 2023 mikono ya Marhun ilianza kutetemeka. Madaktari wa Maskati walimpa dawa, zikasaidia kidogo, kisha zikaacha kusaidia. Mwaka jana alifunga duka. Februari mwaka huu Yaarub, dereva wa watalii kutoka Bidiya, alileta Land Cruiser yake mpaka nyumbani, anataka redio ya satalaiti na pahala pa kuchomeka simu. Nilikuwepo uani, nimekaa na dalla, birika la kahawa. Marhun aliingia garini akajaribu, plagi ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Niliinamisha uso nisimuone. Manar akatoka ndani bila ya kuitwa, akainama chini ya dashibodi, akaanza kazi. Baba yake akahamia kiti cha pembeni, akakaa. Magharibi ilipokaribia redio ikasema, na Yaarub akampa Marhun mkono wa shukrani.

Marhun akamwambia, "Usinishukuru mimi. Fundi ni huyo. Nikifa, gari yako mpelekee Manar dukani."

"Dukani, ammi? Sanaiya?"

"Dukani. Aliyekosea ni mimi, yeye hakukosea."

Homa ya mapafu ilimlaza mwezi uliopita, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, alifariki dunia hapa Ibra. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Roho yangu inauma, na sioni haya kusema.

Ameacha mjane, Huwaida, mwanawe Yazeed, binti yake fundi Manar, mdogo wetu Sleyum, na mimi.

Sleyum, ndugu yangu, najua unayasoma haya huko ulipokaa. Nimesikia pia kwamba umeshazungumza na mtu wa matairi akodi duka. Mirathi itagawanywa kama dini ilivyoamuru, na hapo mimi sina neno. Ninalosema ni la kazi. Yaarub yumo humo barazani pamoja nawe, muulize alichoambiwa. Huwaida yumo edani, hatoki. Funguo za duka alimpa Manar jana, mbele yetu sote, na Jumapili duka litafunguliwa.

Ewe Mola, mghufirie Marhun, mpanulie kaburi lake, na binti yake mpe nguvu. Amin.