Wytske Hoekema na Malango Yaliyopeana Heshima

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Dk. Wytske Hoekema anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya sayansi ya kompyuta hapa Leeuwarden.

Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwa hesabu kwamba programu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja hazitavurugana, kabla hazijawashwa.

Yeye ndiye aliyeanzisha kiti cha adui. Kila Alhamisi mmoja wetu hukikalia na kuamua programu ipi isonge na ipi isubiri, tena kwa nia mbaya kabisa, ili auvunje uthibitisho wa mwenzake. Mimi nimekikwepa mwaka mzima kwa aibu. Hakunilazimisha, alinikatia mkate wa sukari, akaniambia nitazame tu.

Mwezi Machi alileta uthibitisho wake wa mwisho, wa programu mbili zinazoendesha malango mawili ya mfereji. Yangefunguka pamoja, maji yangeingia mjini. Alithibitisha kwamba hayawezi kufunguka pamoja. Siku hiyo adui alikuwa Jelmer Postma.

"Lango la kwanza linasema, tangulia wewe. La pili nalo, hapana, tangulia wewe. Halafu?"

"Halafu moja linatangulia," alisema Wytske.

"Nani kasema? Si mimi ndiye adui? Nayaacha yaheshimiane hivyo hivyo mpaka Krismasi. Mashua zinaota kutu, mama!"

Tulicheka, yeye hakucheka. Alikuwa amethibitisha kwamba baya halitatokea, akasahau kuthibitisha kwamba kuna chochote kitakachotokea. Ndilo kosa alilokuwa akituonya sote tusilifanye.

Mkuu wetu, Sjoerd, alitaka kumpunguzia mzigo. "Mwachie Jelmer, dada. Wewe nenda kapumzike."

"Nikapumzike na lango halifunguki? Jelmer, rudi kitini. Na usinionee huruma."

Alianza upya, huku sherehe ya kumuaga ikikaribia na keki ikiwa imeshaagizwa. Safari hii kila lango likishapisha lenzake mara moja, zamu inayofuata ni yake. Jelmer alishambulia wiki baada ya wiki. Alhamisi iliyopita aliweka chaki chini.

"Basi, mama. Sina pa kupenya."

Wytske akamwambia ajaribu tena. Alijaribu, akashindwa, ndipo tukakata keki.

Asante, Wytske. Alhamisi ijayo kiti cha adui nakikalia mimi.

Tunakutakia baya lisikufikie kamwe. Na jema, hata likichelewa, lifike.