Papa Séraphin na Sheria ya Depo

Mapadri, Papa na Mama zetu mliokuja kulia pamoja nasi, familia imenituma mimi Théophile, mdogo wake, nisome maisha ya kaka yetu Séraphin Bauma, na sauti ikikatika mnivumilie.

Alizaliwa hapa Kingi, Masisi, tarehe 4 Mei 1921, akasoma kwa mapadri hadi 1938, akafunga ndoa na Mama Adelaïde mwaka 1943, Mungu akawapa Marie na Paul. Mwaka 1951 kampuni ya kuchimba kasiteriti, madini ya bati, kule Walikale ilimfanya mtunza depo, ghala la vifaa, ambako kila koleo na kila debe la mafuta lilikuwa na fishi yake, kadi ya kuandikia kinachoingia na kinachotoka, naye alipenda kutuambia kwamba fishi bila sheria ni karatasi ya kufungia karanga.

Mwaka 1957, baada ya wizi, ni yeye mwenyewe aliyempa direkta shauri la kuandika kwamba mtunza depo asitoke Walikale mpaka direkta aliyemweka ahesabu vitu pamoja naye na kutia sahihi, na anayeondoka bila sahihi ni mwizi, gereza linamngoja. Julai 1960 direkta huyo, ndiye aliyemweka, akapanda gari, akaenda kwao Ulaya, hakuhesabu, hakutia sahihi, hakurudi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini kaka yangu alikichimbia wezi. Madirekta waliofuata walimjibu kwa heshima kwamba si wao waliomweka, mama yetu akazikwa mwaka 1962 bila yeye, Marie akaolewa 1965 bila yeye, na kila mara Mama Adelaïde alipoacha maharagwe yake shambani akaenda kumsihi, alijibiwa, “Mama Marie, sheria njo ilinifunga, si muntu.” Nilimkasirikia sana, sifichi.

Mwaka 1968 akaanza kukohoa damu, daktari akasema arudi nyumbani. Machi 1969 direkta mpya akabadilisha mstari mmoja tu wa sheria hiyo, kwamba direkta yeyote aliye kazini anaweza kutia sahihi, mradi apatikane wa kupokea funguo. Hakuna aliyezitaka, mpaka Paul akasema, “Papa, leta funguo, miye niko kijana.” Kaka alikataa, akalia, kifua kikamshinda, akakabidhi, akafika hapa tarehe 9 Aprili kwa lori la Papa Nzanzu, na tarehe 2 Juni 1969 akafariki mikononi mwa mke wake.

Tunamshukuru daktari na masista waliomuuguza, majirani kwa kuni na maji, wafanyakazi wenzake waliochanga sanduku, na Papa Nzanzu aliyekataa nauli. Wengi mmeuliza Paul yuko wapi. Paul yuko Walikale, depo, direkta amekwenda likizo, na hakuna wa kumtilia sahihi.

Kaka, pumzika kwa amani, udongo wa mtoto wako tutakutupia sisi.