Benchi Letu Limekatazwa Kukaliwa

Kabla sijaanza, mjue nimekasirika, na hasira yangu ni ya haki. Mimi ni fundi cherehani. Hapa kijiweni naitwa Uzi, eti kwa sababu nikianza kusema sikatiki. Kijiwe chenyewe kiko kwenye kona, kati ya kibanda changu na meza ya fundi viatu tunayemwita Soli. Pana benchi, pana jiko la Bi Buli muuza kahawa, na pana ukuta wa kuegemea. Benchi la sasa ni jipya, ni la chuma tupu, na jua likipanda linachoma makalio. Lile la zamani, la mbao, liko makumbusho, mitaa miwili kutoka hapa. Watu wa makumbusho walikuja wakalizunguka, wakalipiga picha, wakasema ni urithi, wakalichukua na kutuachia hili badala yake. Jana tukaenda kulisalimia. Ndiyo, kulisalimia, maana tulilikalia tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Tukafukuzwa. Leo kahawa haijachemka na kesi imeshaanza.

Soli: Nauliza kitu kimoja tu. Benchi ni la nini?

Aliyejibu ni Breki, dereva wa malori aliyestaafu. Jina hilo tulimpa kwa sababu mdomo wake hauna hicho kitu.

Breki: La kukalia.

Soli: Basi. Kesi imekwisha.

Katiba: Haijaisha.

Katiba alikuwa tarishi wa mahakama. Alibeba mafaili ya watu mpaka akaamini amesoma yote.

Katiba: Pale mlangoni pana kibao. Mgeni asiguse. Mgeni asikalie. Asile, asinywe, asiegemee, asipaze sauti. Mliona wenyewe. Sheria ni msumeno.

Breki: Msumeno wa nini tena? Mbao za benchi letu zilishakatwa zamani.

Soli: Na hilo neno mgeni ndilo linalonichoma. Mimi mgeni kwa benchi langu? Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekaa pale miaka nenda miaka rudi. Jembe langu liko wapi?

Katiba: Hukupewa jembe kwa sababu hukujiandikisha mlangoni.

Bi Buli: Kunywa kahawa, Katiba, inapoa.

Ilikuwa bado jikoni, lakini tulimwelewa.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, msije mkasema tulikwenda kufanya fujo. Tuliingia kwa adabu. Katiba alivaa koti, joto lote lile. Tukapita vyungu, tukapita ngoma, mikono nyuma kama watoto wa shule. Chumba cha mwisho, lile pale, limepandishwa juu ya jukwaa na kuzungushiwa kamba nyekundu. Nani alivuka kamba kwanza sijui. Miguu ndiyo iliyokumbuka. Kufumba na kufumbua tumekaa, kila mtu mahali pake: Katiba upande wa ukutani, ingawa ukuta haukuwepo, kisha mimi, kisha Breki, kisha Soli. Mwisho tukaacha pengo kama siku zote. Breki akainua vidole viwili kuagiza kahawa, akamwinulia mama wa watu aliyekuwa anachungulia mlangoni. Yule mama naye akamwinulia viwili, akaondoka haraka.

Pengo lile ni la Spika. Spika alikuwa kinyozi, rafiki yetu, na ameshatangulia mbele ya haki. Alikaa pale mwisho, na maneno yakizidi aliligonga benchi kwa pete yake, mara moja tu, sote tukanyamaza. Ubao wa pale alipokaa umebonyea kidogo na kulainika. Yeye na Soli hawakuachana tangu ujana. Sasa jana Soli alinyoosha kiganja akakiweka pale palipobonyea. Mara askari wa makumbusho huyo, mrefu, sare imenyooka. Akasema, mzee, usiguse. Soli hakuondoa mkono. Askari akaushika akauondoa mwenyewe, akatusindikiza mpaka nje, na pale mlangoni akamwambia Soli asionekane tena mle ndani. Mtu mzima yule, mbele ya watu. Mimi mpaka sasa damu inachemka.

Breki: Mnajua kwa nini hawataki tuguse? Mkono wa mtu una joto. Kitu cha zamani kikipata joto kinakuwa kipya, na kikiwa kipya hakifai kuwekwa makumbusho. Wanaogopa kukosa kazi.

Katiba: Acha wewe. Wanakataza ili tukitoka wao wakae. Benchi zuri vile, waliache bure? Kikulacho ki nguoni mwako.

Breki: Nguo zangu hawakuzikagua.

Mimi: Na vumbi je? Mliona vumbi? Hakuna hata chembe. Wamefuta vumbi la miguu yetu yote. Wanasema wanahifadhi, kumbe wanafua. Leo wamefuta vumbi, kesho watapiga msasa, na lile bonde la Spika litakuwa bapa kama meza ya kupigia pasi.

Soli aliacha sindano ndani ya kiatu akanitazama. Nikajuta kusema.

Breki: Nyie mnaona karibu. Hawa benchi hawalitaki, wanatutaka sisi. Wameanza na benchi. Kesho watalitaka buli. Keshokutwa tunakwenda sisi wenyewe, ndani ya kioo. Mtamwona Uzi amekaa na cherehani yake, na kibao: Tafadhali usimguse, ataanza kusema.

Bi Buli: Hata humo kiooni tutamsikia.

Katiba: Na yule askari si mtu. Nilimchunguza. Tangu tuingie mpaka tutoke hakukaa, hakuegemea, hakupiga miayo. Ni sanamu, wamemtia mashine ya kutembea.

Breki: Ndiyo maana mkono wake ulikuwa wa baridi.

Soli: Haukuwa wa baridi.

Alisema taratibu. Bi Buli akaanza kumimina. Yeye husikiliza sana akiwa ameinama, ukadhani hayumo.

Bi Buli: Kelele zote hizi. Nani aliwapa watu wa makumbusho benchi?

Katiba: Walichukua.

Bi Buli: Nilikuwa hapa hapa na buli mkononi. Waliuliza kama mnakubali walichukue, nyote mkainua mikono. Wa kwanza Soli.

Katiba: Kisheria, kuinua mkono si kukubali.

Breki: Mimi nilikuwa najikuna.

Soli: Mimi niliinua.

Aliweka kiatu mezani, akaja kukaa benchini kando ya Breki.

Soli: Niliinua kwa sababu nilikuwa siwezi tena kulitazama. Kila nikigeuka kumwambia mtu neno, namwona pale, halafu hayupo. Nikasema likiondoka nitapumzika. Sasa limeondoka na sijapumzika. Nikasema basi, nitakuwa nakwenda mara moja moja, naweka mkono, narudi kazini. Hata hilo ni kosa. Yule aliponiondoa mkono niliona kama tunamzika tena, na safari hii siruhusiwi hata kufika kaburini.

Breki akakohoa. Ni mtu mwema, ila methali zake huzishika kwa nyuma.

Breki: Usijali, ndugu yangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Katiba: Hiyo si ya kumpoza mtu.

Breki: Basi mpoze wewe.

Soli: Sitaki kupozwa. Nataka yule askari apite hapa, siku moja tu. Hii ni kona yetu. Hapa mgeni ni yeye. Nitamwambia neno moja: toka.

Katiba: Nami nitamsomea masharti yote, tangu la kwanza.

Mimi: Nami nitamshika mkono kama alivyokushika. Aone inavyouma.

Tulikuwa tumeshaelewana hivyo, tumebanana benchini bega kwa bega, wakati kivuli kirefu kilipoangukia jiko. Nikainua macho. Ni yeye, na sare yake, kofia ameishika mkononi. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu yeyote.

— Shikamooni, wazee.

Shikamoo haikataliwi. Tukaitikia marahaba, kila mmoja kwa sauti ya kukopa.

— Mama, naomba kahawa. Nimepewa mapumziko mafupi. Kule haturuhusiwi kukaa, kuanzia wakifungua mpaka wakifunga. Miguu inawaka moto.

Bi Buli akampa kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili. Sijui kama alitujua. Nadhani alitujua, maana alimtazama Soli, kisha akainamisha macho kwa haya. Nikamsubiri Soli alitoe lile neno lake moja. Soli alikuwa anatazama viatu vya yule bwana, visigino vilivyolika vyote viwili mpaka karibu na ngozi.

Askari akalitazama benchi. Katiba, mimi, Breki, Soli, tumekazana kama nguo sandukuni, na pale mwisho, kando ya Soli, nafasi ya kumtosha mtu mzima, tena na kujinyoosha. Akasogea. Hakukaa. Aliinama kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa:

— Hapa pana mtu?

Nilimgeukia Katiba, akakazana kufunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeshafungwa. Breki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amefunga mdomo. Soli alifumbua wake, ukabaki wazi bila sauti. Angesema nini? Akisema hapana mtu, amemfukuza Spika kwa ulimi wake mwenyewe. Akisema yupo, ataulizwa yuko wapi. Hata mimi Uzi nilikatika.

Yule askari alisubiri. Kisha akarudi hatua moja nyuma, akasimama wima, mkono mmoja mgongoni, akanywa kahawa yake yote bila kuegemea ukuta na bila kugusa kitu.