Mlango Usiopigwa Randa

Habari ya mlango, ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu, aliisimulia kwanza dada mkubwa wa marehemu, Agosti 1986, kwenye harusi ya mpwa wake, na familia imeona isomwe leo ndani ya historia hii, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kujisimulia.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Taratibu, alizaliwa tarehe 2 Februari 1946, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1962 akaingia karakana ya mjomba wake, alikojifunza useremala kwa kufagia maranda kwanza na kushika msumeno baadaye. Alitumikia jeshi kuanzia 1965 hadi 1968, akarudi kwenye meza yake ya kazi, na tarehe 18 Julai 1970 alimwoa mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, aliyefika karakanani kulalamikia kabati lililochelewa, akaondoka bila kabati lakini na mchumba. Walijaliwa watoto watano.

Jumapili moja ya Juni 1974 aliung'oa mlango wa mbele ili aupige randa, kwa sababu mvua ilikuwa imeuvimbisha ukawa unakwaruza sakafu, na kabla hajaanza, akaja mjumbe kuwaita askari wa akiba vitani. Aliuegemeza ukutani, akamwambia mkewe asiuguse, atakuja kuumalizia, na Mama akatundika pazia.

Mwaka uliofuata mwenzake wa kikosi, Kipara, alirudi na mkongojo na taarifa kwamba hakumwona marehemu tena tangu daraja walilokuwa wakililinda lilipolipuliwa. Wakwe wakataka matanga yawekwe, wakaleta seremala mwingine autundike ule mlango, maana nyumba ya mjane haikai wazi. Kwa Mama, kuukubali mlango kulikuwa kukikubali kifo. Wifi yake, yule dada mkubwa wa marehemu, alipomsihi, "Wifi, wezi wataingia," alijibu, "Waingie, watanikuta namsubiri mwenye mlango," na yule seremala akakusanya vifaa vyake, akaenda zake.

Tarehe 9 Novemba 1976 marehemu akatokea, amekonda, sikio la kushoto halisikii, baada ya kushikwa mateka, akasimama nje ya pazia asijue abishe hodi wapi. Alipoulizia randa, Mama alikuwa ameshaificha, akamwambia autundike mlango hivyohivyo, ukwaruze, ili kila akiingia amsikie. Tangu hapo wateja walimtania, "Fundi, mlango wako unakuumbua," naye akawajibu kwamba mwenye nyumba hajalalamika.

Kiharusi kilimpata Mei 2021. Mwanawe wa kwanza, naye seremala, alikuja na randa yake ili kiti cha magurudumu kipite kwa urahisi, marehemu akauzuia mlango kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Alifariki dunia tarehe 9 Machi 2023, nyumbani, Mama akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, mafundi wa karakana waliolitengeneza jeneza hili, na askari wenzake.

Katika waliokuwamo kwenye habari ya mlango, dada yake alitangulia mwaka 2009, yule seremala hatujui alipo, na walio hai ni Kipara, aliyeketi mbele na mkongojo wake, na Mama. Asubuhi hii vijana walitaka kuung'oa mlango ili jeneza lipite vizuri, Mama akakataa, akasema ufunguliwe tu, nasi sote tukausikia.

Lala kwa utulivu, Fundi. Randa bado iko alikoificha Mama.