Bi Taratibu na Wanafunzi Waliosumbuliwa na Herufi

Mama yetu mpendwa, ambaye chuoni walimwita Bi Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na fundi cherehani. Bibi alikuwa akisema kwamba mkunga alipofika alimkuta mtoto ameshatangulia kufika. Jina la Taratibu alilipata ukubwani, tena kwa kazi, si kwa tabia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Hesabu alizimeza, lakini kusoma kulimtoa jasho. Herufi zilimchezea: b ikageuka d, neno refu likakatika katikati, mstari ukampotea. Alirudia darasa la tatu, akachapwa kwa uvivu asiokuwa nao. Aliyemwokoa ni dada yake mkubwa. Kila jioni mama aliosha vyombo, dada akakaa mlangoni na kitabu, akisoma kwa sauti. "Ukiacha kusugua, na mimi naacha kusoma," dada alimwambia. Vyombo vya nyumba ile viling'aa kuliko vya majirani wote. Kwa kusikiliza hivyohivyo mama alimaliza sekondari mwaka 1974, na mwaka 1977 akafuzu ualimu wa hesabu. Shida yake aliifunika gubigubi.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa magari. Katika safari yao ya kwanza wakiwa maharusi, mama ndiye aliyeelekeza njia. Akasema "kushoto", huku mkono ukionyesha kulia. Baba akafuata mdomo, wakaishia kwenye ua wa watu, mbwa wakiwabwekea.

"Mke wangu, nifuate mdomo au mkono?"

"Fuata mkono. Mdomo huu una mambo yake."

Papo hapo akamweleza yote. Tangu siku hiyo baba alimpitishia macho kila andalio la somo, wala hakumcheka kamwe, isipokuwa barabarani.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mkufunzi wa hesabu katika chuo cha ualimu, akapanda hadi kuwa mkuu wa idara. Mwaka 1991 kikao cha wakufunzi kilijadili binti mmoja wa mwaka wa pili. Kwa mdomo alieleza somo mpaka wenzake wakalielewa; kwenye karatasi alianguka kila mtihani. Wengi walikwisha kuamua aondoke.

"Mwalimu asiyejua kuandika atamfundisha nani?" mkuu wa chuo aliuliza.

Mama alikuwa na cheo, na watoto watatu wadogo. Angeweza kunyamaza. Alisimama, akachukua chaki, akamwomba mkuu amtajie maneno matano. Akayaandika ubaoni. Mawili aliyakosea.

"Ndivyo ninavyoandika tangu utoto," alisema. "Nyumbani nina mtu wa kunisahihisha, huyu hana. Kama anaondoka, basi tuondoke wote."



Chuo kilikubali jaribio moja: binti asomewe maswali na aongezewe muda. Alifaulu masomo yote ila moja, akalirudia, nalo akalifaulu. Leo ni mkufunzi. Mama alivuliwa ukuu wa idara na hakurudishiwa. Hakuulilia. Aliomba stoo ya madawati mabovu, akaisafisha, akaweka meza mbili. Humo walikuja waliosumbuliwa na herufi, waliochanganywa na tarakimu, na walioshindwa kutulia hata kwa ukurasa mmoja. Hakuwapa wote dawa moja. Huyu alimfundisha kufunika mistari ya chini kwa rula, yule alimwacha asome akitembea, mwingine alimtafutia redio ya kaseti ili asikilize somo tena na tena. "Taratibu," aliwaambia, na jina likamganda.

Wakufunzi wapya aliwafunda hivi: "Msimuulize kwa nini hasomi. Muulizeni anasoma vipi." Mmoja alipolalamika kwamba huko ni kuwabeba wanafunzi, mama alimtazama usoni. "Na hiyo miwani uliyovaa," aliuliza, "inakubeba?"

Alistaafu mwaka 2016, lakini chumba kile hakukiacha.

Februari 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Aliposhindwa kupanda ngazi za chuo, wanafunzi walimfuata nyumbani. Mmoja, akisoma kando ya kitanda, aliruka mstari mgumu akidhani mama amesinzia.

"Rudi juu," mama alisema bila kufumbua macho. "Bado nipo."

Maumivu yalipozidi alilazwa, na tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi, aliaga dunia, binti yake wa kwanza akiwa pembeni.

Ameacha mume, dada yake mkubwa, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu watano. Ameacha pia wanafunzi tisa, ambao mtihani wao unaanza Jumatatu. Familia inashukuru kwa mashada na maombi yenu. Mwenye sauti na muda, kesho chumba chake cha chuoni kitakuwa wazi, aje awasomee.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mama yetu kwa amani.