Kijitabu cha Mazishi Kilisema Nimemaliza

Ndugu zangu, niliambiwa nije hapa mbele niwaeleze nilivyoshinda. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu sina hakika nilishinda nini. Nitasema tu vile mambo yalivyokuwa. Nyinyi wa hapa Gakindu mnayajua, vumilieni kidogo kwa ajili ya wageni wetu waliotoka Endarasha.

Baba yangu alikuwa na kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa. Hivyo ndivyo vilivyonifikisha mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisomea ualimu wa hisabati. Halafu figo zake zikaanza kukataa. Daktari akasema lazima asafishwe damu kila wiki. Tukasema tuuze ng'ombe, naye akakataa kabisa. "Hiyo ng'ombe ni ya shule," akasema. Amelala pale wodini, miguu imevimba, na bado anabishana na sisi juu ya ng'ombe.

Nikamdanganya. Nilimwinamia nikamwambia, "Baba, mimi nilimaliza. Hakuna karo tena, nangoja tu kuvaa joho." Alinitazama, kisha akasema, "Basi uzeni." Tuliuza, tukapata naye miezi mitano. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebakisha mwaka mzima, na chuoni nilishaacha kwenda.

Sasa sikieni. Siku ya mazishi nimekaa mbele na mama, kijitabu cha wasifu wake mkononi, naona jina langu kwenye orodha ya watoto: amehitimu chuo kikuu, mwalimu wa hisabati. Baba mwenyewe, kabla ya kufa, ndiye aliyemwambia baba mdogo aandike hivyo. Kikasomwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Makofi, mazishini! Ningesimama niseme nini, na jeneza liko pale?

Ndugu zangu, nawaambia, hapo nilijifungia mlango mwenyewe. Mtoto akikosa karo hapa kwetu tunamchangia. Lakini nani atamchangia aliyemaliza? Nikapata kibarua kwenye duka la dawa za mifugo, napima chakula cha kuku. Watu wananiuliza kwa upole, "Mwalimu, bado serikali haijakuita?" Kina mama wa kanisa wakaniombea kazi. Walinishika kichwa, wengine wakalia, nami nikasema amina. Kuna siku hata mimi nilisahau, nikaanza kukasirika kwamba serikali hainiiti. Msicheke. Kichwa kilikuwa hakinipi tena hesabu sawasawa.

Nilikaa hivyo karibu miaka miwili. Kisha msichana mmoja wa hapa akapata nafasi chuo kikuu, tukamfanyia harambee ya karo, nikaombwa niseme maneno ya kumtia moyo, kama mtoto wa hapa aliyemaliza. Niliandaa hotuba nzuri sana. Niliposimama nikamwona ana daftari na kalamu. Nikasema sentensi ya kwanza, akaiandika. Ya pili ikakataa kutoka.

"Usiandike," nikamwambia. "Mimi sijamaliza."

Baba mdogo akasimama. "Unasema tulizika ndugu yangu na uongo?"

Niliona aibu sana.

Ndipo mama mmoja, simtaji, anajijua, na sasa hivi naona anaangalia viatu vyake, akapaza sauti: "Ati nini? Mwaka mbili naombea wewe kazi! Nimesumbua Mungu na kazi hata huwezi pewa?" Watu wakacheka, mimi nikalia. Akaniambia, "Kaa chini, mtoto yangu. Leo ni siku ya huyu msichana. Wewe kuja kwangu Jumatatu, tupange maombi ingine."

Jumatatu nilienda nikakuta kina mama wa kanisa wamejaa sebuleni kwake. Mmoja alikuwa ameshapiga simu chuoni kuuliza kama mtu anaweza kurudi. Anaweza! Miaka miwili sikuwa nimeuliza. Barua tuliiandika hapo hapo, chai ikipoa, na kikundi chao kikanisimamia karo. Baba mdogo hakuja. Baada ya wiki mbili alileta malipo yake ya kahawa, akayaweka mezani kwa mama yangu, akaondoka bila hata kusalimia.

Joho nilivaa mwaka jana. Sasa nafundisha shule ndogo ya mtu binafsi kule Ruring'u. Serikali kweli bado haijaniita, kwa hivyo yale maombi ya kwanza mnaweza kuyaendeleza.

Nyinyi kina mama, asanteni. Baba mdogo, umekaa pale nyuma, asante. Kama kuna mtu hapa amebeba kitu kama changu, aseme, hata kama ni kwa kuaibika mbele ya watu. Hilo nina hakika nalo.

Ule uongo wa wodini ndio sina hakika nao. Jioni ile ya joho nilimuuliza mama kama baba aliniamini. Alikuwa anachambua maharagwe. "Baba yako alikuwa anahesabu mihula yako na vidole," akasema. "Hata muhula moja hajawahi kosea."

Nikamuuliza, basi kama alijua, mbona akamwambia baba mdogo aandike kwamba nimemaliza?

Mama alinisogezea sinia, tukachambua pamoja.