Chumvi ya Shemeji

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la vifaa vya umeme lililofungwa siku nyingi. Mimi nashona viatu upande wa kushoto, kwa hiyo nasikia kila kitu hata nisipotaka. Wa kudumu ni watatu. Profesa hajafundisha popote. Alipanga barua posta miaka thelathini, na anaamini kila bahasha aliyoigusa ilimwachia elimu kidogo. Breki aliendesha malori mpaka mgongo ukakataa. Sindano ni fundi cherehani, mtu mpole, wa maneno machache. Saa kumi jioni huja Bi Kahawa na birika lake, anatumiminia, kisha anakalia ndoo aliyoipindua na kuanza kutusahihisha. Siku hiyo Sindano alishika kikombe bila kukinywa.

— Mke wangu anakula chumvi, alisema.

— Nani asiyekula? Breki akadakia.

— Anaila hivi hivi, kavu. Nimeamka alfajiri nikamkuta jikoni anailamba kiganjani. Aliponiona akaficha mkono nyuma, kama mtoto.

Tukaacha utani. Sindano akaendelea, macho chini. Mkewe, shemeji yetu, amekonda, alisema. Akisimama anashika ukuta kwanza. Na ngozi yake imekuwa nyeusi kuliko zamani, mpaka mistari ya viganja, na wala hapigwi na jua.

— Mimba hiyo, Breki akasema.

— Ana miaka hamsini na mbili.

— Mungu hashindwi.

— Mungu hashindwi, Bi Kahawa akamjibu, ila wewe umeshindwa kunyamaza.

Profesa akakohoa, na Profesa akikohoa ujue darasa limeanza.

— Chumvi inapandisha presha. Presha inaleta kizunguzungu. Shemeji ana kizunguzungu. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaijumlisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo, ndugu yangu, ficha chumvi.

— Methali haisemi hivyo, nikamwambia.

— Ina neno "ficha" au haina?

— Profesa yuko sawa, Breki akasema. Figo ni rejeta ya gari. Jaza rejeta maji ya chumvi uone: kutu tupu! Huo weusi wa shemeji ni kutu.

— Kutu ni nyekundu, Bi Kahawa akasema.

— Ya chuma nyekundu. Ya binadamu nyeusi. Wewe umewahi kufungua binadamu?

Tulicheka. Kesho yake Sindano alikuja amechangamka kidogo. Alikuwa ameichukua chumvi yote ya nyumbani, ameifungia kwenye droo ya vifungo, karakana kwake, na muuza duka wa jirani amemsihi asimuuzie mkewe. Shemeji alipouliza, alimwambia imekwisha, atanunua. Breki akampiga begani: mwanamume ndiye huyo. Nami nilimsifu. Ninaliandika hilo kwa sababu ningependa kulisahau.

Siku ya nne mlango wa karakana haukufunguliwa. Shemeji alikuwa ameanguka mlangoni pa bafu, baridi kama kitambaa kibichi, hajui hata jina la mumewe. Jirani mwenye gari akawakimbiza hospitali.

Siku kumi tulikaa pale bila ladha. Breki aliacha kubisha. Profesa alikwenda hospitali mara mbili, mara zote mbili akarudia getini. Siku ya kumi na moja Sindano akaja, amenyolewa vibaya, shati halijapigwa pasi, yeye fundi wa nguo.

— Amerudi nyumbani, alisema. Amelala.

Bi Kahawa akasema alhamdulillahi na kumpa kikombe. Safari hii alikinywa chote.

— Ni figo? Profesa akauliza taratibu.

— Figo ni nzima. Daktari alikuwa binti mdogo tu, kavaa raba. Akaniuliza mama alikuwa anatamani kula nini. Nikamwambia chumvi. Akaacha kuandika. Akaniuliza, anaila mpaka sasa? Nikasema, hapana, nimeificha.

— Akakufokea?

— Bora angenifokea. Alivuta kiti akakaa. Akasema juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hiyo inatoa homoni, homoni inakwenda na damu mpaka kwenye figo, inaiambia: shika chumvi, usiimwage yote. Chumvi ikibaki, maji nayo yanabaki, na damu inakuwa nyingi ya kutosha kufika kichwani. Tezi za mke wangu zimechoka, hazitoi kitu. Basi figo zikawa zinamwaga chumvi kwenye mkojo, maji yanaifuata, presha inashuka. Ndiyo maana akisimama dunia inazunguka. Haikuwa imepanda, Profesa. Ilikuwa chini kabisa.

Profesa akavua kofia, akaiweka magotini.

— Kwa hiyo figo zilikuwa zinangoja barua, akasema. Na barua haikuandikwa.

— Ndiyo hivyo. Sasa atameza vidonge kila siku, maisha yake yote, badala ya kile ambacho tezi zilikuwa zinatoa. Na chumvi wamesema ale.

Breki hakuweza kujizuia.

— Na maji je? Yanashikwa na nani?

— Iko homoni nyingine, inatoka kichwani. Ukikaukiwa, inaiambia figo irudishe maji mwilini.

— Basi yangu imestaafu! Naamka mara nne usiku. Tena mimi nasema binadamu ni bahari iliyovaa shati, na mwezi ukijaa...

— Yako ni kahawa, Bi Kahawa akasema. Kunywa maji, uache kunisingizia mwezi.

Sindano alitabasamu, kisha tabasamu likamvunjikia usoni.

— Mwili wake ulikuwa unaomba dawa yake wenyewe, alisema. Mimi nikaifungia na ufunguo. Na bado sijamwambia.

— Ni mimi niliyesema uifiche, Profesa akamwambia.

— Ulisema. Aliyefunga ni mimi.

Hapo ndipo tulipomwona shemeji. Alikuwa anakuja polepole kando ya ukuta, kajifunga mtandio, anapumzika kila baada ya hatua chache. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kwenye benchi letu. Sindano akaruka kumshika, tukasogea wote mpaka Breki akabaki nusu hewani. Akakaa katikati yetu. Tukamsalimu, tukampa pole, akaitikia kila mmoja kwa zamu.

— Mama, kuna jambo, Sindano akaanza. Ile chumvi...

— Iko kwenye droo ya vifungo, shemeji akasema. Nilijua. Nilikuja kukuletea chakula, ukavuta droo kutafuta kifungo, nikaiona.

— Sasa kwa nini hukuichukua?

— Nilidhani mmemuuliza mtu anayejua.

Sindano akainamisha kichwa. Shemeji akauweka mkono wake juu ya goti la mumewe, akauacha pale. Bi Kahawa akammiminia kikombe, akajaza mpaka pomoni. Shemeji akanywa funda moja, akatutazama mmoja mmoja, mimi, Breki, Profesa, kama anayesoma majina.

— Nataka kuwauliza, jamani. Nyumba yangu ni ile pale, mlango wa kijani, hata hatua hamsini hazifiki. Mlikaa hapa siku zote hizo mnajadili kinachoniumiza. Kwa nini hakuna aliyevuka barabara akaniuliza mimi, unajisikiaje?

Profesa akaizungusha kofia magotini. Breki akatazama viatu vyake, nami nikatazama sindano yangu ikiwa imesimama katikati ya soli. Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira, tungejitetea.